Waliopita Bila Kupimwa

Msiniulize nilifikaje Mizanini. Kila aliyewahi kwenda huko ana njia yake, na kila mmoja anadai ya kwake ndiyo fupi. Mimi nitasimulia niliyoyaona na niliyoyasikia. Pale roho iliponiuma nitasema iliniuma, maana iliniuma mara nyingi, na sioni sababu ya kujifanya mtu mwema mbele yenu.

Kilichonishangaza kwanza ni salamu. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi naitwa Mama Zaituni. Watu wa Mizanini nao humwita mama kwa mtoto wake, ila si kwa jina. Humwita kwa nafasi aliyoshika mtoto katika mtihani uliopita. Nilimsikia muuza ndizi akiamkia, "Shikamoo, Mama wa Nne!" Nikamwona mzee wa mvi akimpisha kijana mlangoni kwa kinyozi: "Tangulia, Baba wa Pili, mimi wa Thelathini nitasubiri." Matokeo mapya yakitoka, majina yote hubadilika siku hiyo hiyo. Mtu aliyekalishwa kiti cha mbele harusini anaweza kuhamishiwa nyuma kabla pilau halijaiva. Na ni marufuku kabisa kumpa mtoto jina la Pili au Tatu. Nilielezwa kwamba huko ni kughushi.

Nilifikia kwa Bi Mashavu, fundi cherehani, mwanamke mpole asiyependa makuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama wa Sabini na Nne. Alikuwa na binti mmoja, Tunu, aliyekuwa bado hajavunja ungo, mwenye mwanya na mdomo usiotulia. Tunu alijua kuiga sauti ya kila mtu: muadhini, mwalimu mkuu, mbuzi wa jirani. Siku ya kwanza tu aliniiga mimi nikiomba chumvi, nikacheka mpaka nikapaliwa. Hakuwa mjinga hata kidogo. Lakini siku ya mtihani tumbo lilimgeuka. Mara ya mwisho alitapikia karatasi yake, na wasahihishaji wakaisahihisha hivyo hivyo, wakampa nafasi ya sabini na nne.

"Na nikimwona asubuhi ile anavyotetemeka," Bi Mashavu aliniambia huku akipitisha uzi kwenye sindano, "natetemeka mimi. Ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyemtia mle ndani."

"Pole, shoga," nikamwambia. "Kwetu ndiyo hivyo hivyo. Mtu unafanyaje?"

"Kwani kwenu hamna sheria ya kukataa?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaniambia tena, taratibu, kama unavyomwambia mgeni mahali choo kilipo. Mizanini kuna sheria: *Mzazi akiona mtihani haumfai mtoto wake, mtoto huyo apite.* Mzazi anamleta mwanawe hadi lango la shule, anamwambia mlinzi neno moja tu, "Apite," na mtoto anapitishwa kilango cha pembeni, anakwenda zake uani kukaa kivulini mpaka wenzake watoke.

Hapo ndipo roho iliponiuma kwa mara ya kwanza, na iliuma vibaya. Mwanangu Zaituni ana jaribio kila Jumatatu. Kuanzia Jumamosi hali chakula kikashuka. Jumatatu asubuhi anasimama mlangoni na begi mgongoni, midomo imemkauka, nami namsukuma kidogo begani namwambia usichelewe. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuniuliza kama naona inafaa au haifai. Halafu watu hawa wanaoitana kwa namba kama magunia ya bandarini, wao ndio wenye haki ya kusema hapana! Nilimtazama Bi Mashavu, nikamchukia kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai.

"Sasa kama sheria ipo," nikasema, na sauti haikuwa nzuri, "mbona hukusema Apite?"

"Nilifeli," akasema.

Sikuelewa. Kesho yake akanielekeza kwa Mkadiriaji Mkuu, Bwana Mwinyihaji, kwenye Wizara ya Wivu wa Maendeleo, akasema yule atanieleza vizuri kuliko yeye.

Bwana Mwinyihaji alikuwa mtu mstaarabu, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, naye alijivunia sana wizara yake. Alinieleza kwamba wivu ndio unaoendesha nchi. Mtu akimwona jirani yake amemzidi, hujituma, na wizara inachofanya ni kuhakikisha kila mtu anamwona vizuri aliyemzidi. Kuhusu sheria ya kukataa, alishusha pumzi.

"Aliyeitunga, mama, alikusudia mtoto apite kando, aende zake. Lakini wasahihishaji wakaambiwa, fulani apite. Wao kazi yao ni kupitisha na kufelisha. Basi wakampitisha."

"Yaani asiyefanya mtihani akahesabiwa amefaulu?"

"Amepita bila kupimwa," akanisahihisha. "Na kwa kuwa hakuwa na alama, hapakuwa na mtu wa kusema amemzidi. Ikabidi awekwe juu ya wa kwanza."

"Si mngebadilisha neno tu? Mkaandika *aende kando*?"

"Haiwezekani. Neno lenyewe limeshapita barazani."

Alinipeleka nikasikilize Baraza, kwa sababu mjadala wa neno hilo haujawahi kufungwa tangu ulipoanza. Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikawasikiliza watu wazima, wenye kofia nzuri, wakibishana. Mmoja alisema gari likikupita halijafaulu, limekupita tu. Mwingine, mama mmoja mwenye sauti nyembamba, akajibu kwamba hata mgombea akipita huwa hajapita kando, amepita ndani na anaingia na mshahara juu. Wakapiga meza. Mwenyekiti akaamua kama ilivyo desturi yao: likatungwa swali la mtihani, *Apite maana yake nini?*, na wote wakakaa chini kulijibu. Mzee aliyetunga sheria alikuwepo, macho yake hayaoni vizuri, akalijibu na yeye. Akafeli.

Njiani kurudi Bwana Mwinyihaji alinimalizia habari. Watoto wa kwanza waliopita bila kupimwa walitangazwa kwa kipaza sauti barabara nzima, ngoma mbele. Wazazi wao, kwa kuwa hawakuwa na namba, ikabidi waitwe kwa majina ya watoto wao. Mama Fulani, hivi hivi, kama mimi. Wengine waliposikia, donge likawakaba. Msimu uliofuata lango zima lilikuwa Apite, Apite, Apite, na chumba cha mtihani kikabaki na mwalimu na chaki. Nchi ikakosa namba. Watu wakashindwa kusalimiana, hawajui nani aanze. Katika harusi moja wageni walisimama tu na sahani zao, kila mmoja anamwangalia mwenzake, hakuna anayejua nani akae wapi, mpaka wali ukapoa.

"Tukaona haki haiwezi kuachwa ovyo mikononi mwa kila mtu," akasema. "Sasa mzazi anayetaka kusema Apite lazima kwanza afaulu Mtihani wa Ruhusa."

"Mzazi ndiye anayetahiniwa?"

"Na tunawapanga nafasi," akasema kwa upole. "Usidhani tumewasahau."

Nilimkuta Bi Mashavu amekaa chini barazani, miguu ameinyoosha, anakariri. Cherehani imefunikwa. Tunu yuko jikoni anasonga ugali, kila mara anachungulia. Mtaa mzima ulikuwa hivyo majira yale: wazazi wanakariri, watoto wanapika, wanafua, wanawaambia wadogo zao wasipige kelele maana mama anasoma.

"Niulize, mgeni wangu," Bi Mashavu akaniambia. "Niulize lile la kutetemeka."

Nikamwuliza kama alivyonifundisha: "Mtoto wako anatetemeka siku ya mtihani. Utafanya nini?"

"Nitamkumb..." Akajishika mdomo. "Nitamsajili masomo ya ziada. Masomo ya ziada! Mwaka jana niliandika nitamkumbatia, wakanikata alama zote."

Wakati huo akaingia wifi yake, Bi Sikitu, dada wa marehemu mumewe, kanga mpya, mkononi mkoba. Huyu alikuwa amefaulu Mtihani wa Ruhusa mwaka uliopita, tena wa kwanza, na binti yake Zamda alipita bila kupimwa. Watoto waliokuwa wakicheza barabarani waliacha mchezo wakamwamkia kwa pamoja: "Shikamoo, Mama Zamda!"

Nilimwona Bi Mashavu alivyomeza mate. Wala sikuhitaji kuambiwa. Kijicho nakijua, nimelala nacho chumba kimoja miaka mingi.

"Marahaba, wanangu," Bi Sikitu akajibu polepole, ili jina lipate muda wa kukaa hewani. Kisha akamgeukia wifi yake. "Wifi, bado unahangaika na kutetemeka? Usiandike mtoto wangu anaogopa. Nani atampa ruhusa mtoto mwoga? Andika, mtoto wangu hapimiki. Basi."

"Lakini anaogopa kweli, wifi."

"Zamda haogopi. Ndiyo maana nikapewa ruhusa."

Zamda alikuwa nyuma yake, mrefu, kimya. Waliopita bila kupimwa hawaruhusiwi kuhesabu mbele za watu, kiwango chao kisije kikajulikana. Nilimwona ameweka mikono nyuma, vidole vinacheza. Alikuwa anahesabu kuku wa uani kwetu.

Bi Sikitu alipoondoka, Bi Mashavu alikunja miguu yake.

"Sitaki kiti cha mbele," akasema. "Sitaki ngoma. Nataka Tunu asitapike. Na nataka, kabla sijafa, mtu mmoja aniite Mama Tunu nisikie."

Ningepaswa kumwonea huruma. Niliona wivu. Hata kufeli kwake kulinipa wivu, maana mtu hafeli mtihani wa haki mpaka awe na haki yenyewe. Nikajiuliza Zaituni anakula nini saa ile, na kama siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Siku ya Mtihani wa Ruhusa tuliamka mapema. Sheria ni ile ile kwa mtahiniwa yeyote, mkubwa au mdogo: lazima aletwe langoni na mtu wa nyumbani kwake. Mgeni haruhusiwi kuleta mtu. Kwa hiyo Tunu ndiye aliyemleta mama yake, amemshika mkono, nami nikafuata nyuma yao kama mkia. Kama Bi Mashavu angefeli tena, wiki ile ile Tunu angeingia chumba kile kile, na wote watatu tulilijua hilo bila kulisema.

Foleni ilikuwa ndefu. Wazazi wanatembeza midomo bila sauti. Watoto wao wanawafuta jasho na kuwafungia vifungo. Mwalimu mmoja wa kiume alikuwa analia wazi wazi na mwanawe anamwambia, "Baba, soma swali mara mbili, usiwe na haraka." Bi Sikitu, akiletwa na Zamda, alikuwa mbele yetu kidogo, maana ruhusa hutafutwa upya kila mwaka. Alikuwa amejipaka wanja na hana wasiwasi hata chembe.

Tulipokaribia lango, nilimwona Bi Mashavu amebadilika rangi. Akauachia mkono wa Tunu, akaenda ukutani, akainama, akatapika. Akarudi akifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Niko tayari," akasema. "Masomo ya ziada. Hapimiki. Masomo ya ziada."

Langoni alikuwepo mlinzi, Bwana Kondo, na mwanzi wake mrefu uliolazwa kuziba njia. Kazi yake aliifanya kwa namna moja tu miaka yote: aliyeleta mtu akisema Apite, anainua mwanzi wa kilango cha pembeni. Asiposema kitu, anafungua lango kubwa. Zaidi ya hapo hakuulizwa na hakuuliza.

"Aliyemleta huyu ni nani?" akauliza bila kututazama.

"Mimi," Tunu akasema.

Nikamwona anamtazama mama yake, jinsi kidevu kinavyocheza, na uso wa yule mtoto ukawa mzito ghafla. Akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo yake. Ilikuwa sauti ya mzazi wa Mizanini aliyeamka na nia yake, nzito, isiyobembeleza, kama alivyowasikia wakisema mwaka hata mwaka pale pale langoni.

"Apite."

Bwana Kondo mkono wake ulishakwenda kwenye mwanzi wa pembeni kabla hajaelewa. Akainua. Bi Mashavu akasimama, haelewi.

"Pita, mama," Tunu akamwambia, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Kuna kivuli uani."

Akapita. Mwanzi ukashuka. Foleni nzima ikaanza kupiga kelele.

Bwana Mwinyihaji aliitwa mbio. Alifika suruali imeingia vumbi, kitu ambacho sikutegemea kukiona. Alisema sheria inataja mzazi akiona haifai, haitaji mtoto akiona haifai. Wazazi wakamjibu kwamba mtahiniwa ni mtahiniwa. Akamwuliza Bwana Kondo kwa nini ameinua, naye akasema, "Nimesikia Apite, mheshimiwa." Baraza likakaa pale pale chini ya ukuta wa shule. Mama wa sauti nyembamba akasimama akasema neno limeshasemwa, na Baraza lenyewe lilitunga swali na likajibu: apite maana yake amefaulu. Kila aliyepinga alikuwa amefeli swali hilo, hivyo hakuwa na haki ya kuchangia.

Basi ikatangazwa kwa kipaza sauti, ngoma mbele, kwamba kwa mara ya kwanza tangu nchi iwepo mzazi amepita bila kupimwa, na amewekwa juu ya wazazi wote, na ruhusa ya mwanawe ni yake. Bi Sikitu alikuwa anatoka chumba cha mtihani na alama zote. Alikuwa wa kwanza tena. Akasimama katikati ya uwanja na kalamu mkononi.

"Zamda," akamwita binti yake, na sauti ilikuwa imepasuka. "Miezi yote hii nakariri, naota maswali. Kumbe ungesema neno moja tu! Mwenzako kasema. Wewe roho ya korosho umeitoa wapi?"

"Hukuniuliza, mama," Zamda akasema. "Na mimi hukuniuliza kama nataka kupita. Mimi hesabu nazipenda."

Bi Sikitu alimtazama kama mtu aliyeambiwa jina la barabara asiyoijua. Sikubaki kusikiliza zaidi.

Jioni ile Bi Mashavu alikuwa anafunua cherehani, jirani akapita barabarani na ndoo, akaita, "Mama Tunu, hongera!" Bi Mashavu akaacha kitambaa. Akatoka mpaka kizingitini, akasimama tu. Hakuitikia. Jirani akadhani hajasikia, akarudia, "Mama Tunu!" Ndipo akaitikia, "Abee," mara moja, akarudi ndani akakaa kwenye kiti cha cherehani akimtazama Tunu aliyekuwa anamwiga Bwana Kondo mbele ya kioo.

Mimi nilikaa pembeni na wivu wangu. Nilimwonea wivu yule mama kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mwenye nyumba au gari. Mwenzangu ana mtoto aliyemwona anatetemeka akamwambia mlinzi apite. Wa kwangu hajawahi kunifanyia hivyo, nikasema moyoni, na nilisema kwa uchungu kabisa, kama mtu aliyedhulumiwa. Ilinichukua muda kukumbuka ni nani kati yetu hutetemeka, na ni nani huwa amesimama nyuma yake anamsukuma bega.

Niliondoka asubuhi iliyofuata bila kungoja chai.

Nilifika nyumbani kukiwa Jumatatu. Zaituni alikuwa mlangoni na begi, midomo imekauka. Sikumsukuma. Nilimshika mkono, jambo ambalo lilimshangaza, tukaenda mpaka shuleni pamoja. Langoni kulikuwa na msongamano wa kawaida, wazazi wanapangusa vumbi viatu vya watoto, wanauliza, umesoma lakini? Umesoma? Mlinzi wetu amekaa kwenye kiti chake cha plastiki.

Nikasimama mbele yake. Nikasafisha koo.

"Apite," nikasema.

"Apite, mama, aende wapi?" akaniuliza, wala hakuwa na ubaya. "Lango ni hili hili moja."

Zaituni aliinua uso akanitazama. Kengele ikalia. Watoto wakatupita kushoto na kulia, wengine wanatugonga na mabegi, mlinzi anangoja, na mimi nimesimama katikati ya njia na mkono wa mwanangu, sijui pa kumpeleka na siuachii. Nikahisi mtu ananitazama. Ni mama mmoja wa darasa lao, ameshika bega la kijana wake tayari kumsukuma, na macho yake yako kwenye mikono yetu. Jicho lile nililijua. Nilikuwa nimetoka nalo Mizanini.

Akanisogelea, akainamisha kichwa kama anayeniomba siri.

"Mama Zaituni," akasema, "kwani inaruhusiwa?"